John Hunter: Mpasuaji aliyeamini kuwa damu itajitafutia njia

MNAMO Desemba 1785, mwanamume wa umri wa miaka 45 alikuwa amelazwa katika Hospitali ya St George's jijini London. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la farasi. Nyuma ya goti lake kulikuwa na uvimbe mkubwa uliokuwa ukidunda kama moyo.

Maradhi hayo yalijulikana vyema kwa madaktari wa zama hizo, na yaliwapata mara nyingi watu wa kazi kama yake. Ukuta wa ateri kuu inayopita nyuma ya goti hudhoofika, kisha ukafutuka mithili ya tyubu ya baiskeli inayotokeza penye tairi iliyochakaa. Siku ambapo uvimbe huo ungepasuka, mgonjwa angevuja damu hadi afe.

Tiba zilizokuwapo hazikuwa na faraja kubwa. Ya kwanza ilikuwa kuukata mguu juu ya goti, tena mgonjwa akiwa macho, kwani dawa za kumlaza mtu wakati wa upasuaji hazikuanza kutumika hadi miaka ya 1840. Ya pili ilikuwa kuupasua uvimbe wenyewe na kuifunga ateri papo hapo, mahali ambapo ilikuwa imeharibika na haikuweza kuushika uzi. Wengi waliopasuliwa hivyo waliaga dunia.

Mpasuaji aliyemshughulikia dereva huyo alichagua njia nyingine. Hakuugusa uvimbe. Alipasua sehemu ya ndani ya paja, mbali kidogo na ugonjwa, akaifikia ateri pahali ilipokuwa bado nzima, akaifunga kwa nyuzi nne. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameziba njia kuu ya damu kuelekea mguuni. Wengi wangetarajia mguu huo ufe ganzi, ugeuke mweusi na kuoza. Yeye aliamini kwamba damu ingepenya katika vijishipa vya kando, na kwamba vijishipa hivyo vingepanuka hadi vitoshe kuulisha mguu mzima.

Jina lake lilikuwa John Hunter, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 57.

Hunter alizaliwa Februari 1728 katika shamba la Long Calderwood, karibu na East Kilbride nchini Scotland. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi, na kadhaa kati yao walifariki wangali wadogo. Masomo hayakumvutia hata chembe. Aliacha shule akiwa na umri wa takriban miaka 13, akawa anazurura mashambani akichunguza wadudu, ndege na mimea. Kwa muda mfupi alifanya kazi ya useremala mjini Glasgow kwa mume wa dada yake. Hakuna jirani ambaye angediriki kubashiri kwamba kijana huyo angekuja kuwa mwalimu wa madaktari.

Mambo yalibadilika Septemba 1748 alipomfuata London kaka yake mkubwa, William Hunter. William alikuwa msomi, nadhifu na mpenda makuu, na alikuwa ameanzisha shule ya kufunza maumbile ya mwili wa binadamu katika mtaa wa Covent Garden. Alimpa mdogo wake mkono wa maiti autayarishe kwa ajili ya mafunzo. John aliifanya kazi hiyo kwa ustadi ulioshangaza. Mikono iliyokuwa imezoea randa na mbao ilikuwa imepata kazi yake.

Alikaa na kaka yake kwa takriban miaka 12, akipasua maiti zisizohesabika wakati wa majira ya baridi na, kwa nyakati fulani, akijifunza upasuaji wa wagonjwa chini ya mabingwa William Cheselden na Percivall Pott. Mwaka 1755 alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford ili angalau apate Kilatini. Hakumaliza hata miezi miwili.

Jambo moja halifai kufumbiwa macho. Sheria ya mwaka 1752 iliwaruhusu wapasuaji kupewa miili ya wauaji walionyongwa, lakini miili hiyo haikutosha mahitaji ya shule za London. Pengo lilizibwa na wezi wa makaburi. Watu hao walifukua maiti za maskini usiku na kuziuza kupitia milango ya nyuma, na John Hunter ndiye aliyekuwa na jukumu la kushughulika nao kwa niaba ya shule. Elimu aliyokuja kusifiwa kwayo ilijengwa juu ya miili ya watu ambao hawakuulizwa.

Mnamo 1760 alijiunga na jeshi kama daktari mpasuaji, na mwaka uliofuata akapelekwa katika kisiwa cha Belle Île, kwenye pwani ya Ufaransa, Uingereza ilipokuwa ikikiteka. Desturi ya wakati huo ilikuwa kulipanua kila jeraha la risasi kwa kisu na kuchokora ndani. Hunter aliwakuta wanajeshi watano, wanne wakiwa Wafaransa, waliokuwa wamejificha wakiwa na majeraha bila kutibiwa na mtu yeyote. Walikuwa wamepona vizuri kuliko wale waliopita mikononi mwa madaktari. Hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba mwili una nguvu zake wa kujitengeneza, na kwamba mara nyingi daktari anachostahili kufanya ni kutouzuia. Imani hiyo ndiyo aliyokuja nayo kwenye kitanda cha dereva wa gari la farasi miaka 24 baadaye.

Aliporejea London mwaka 1763, baada ya kuhudumu pia Ureno, nafasi yake katika shule ya kaka yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Akaganga njaa kwa kushirikiana na daktari wa meno. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake kuhusu meno ya binadamu kilichochapishwa 1771, mojawapo ya vitabu vya kwanza kuyachunguza meno kisayansi. Mwaka 1767 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na 1768 akawa mpasuaji wa Hospitali ya St George's. Mwaka 1776 aliteuliwa kuwa mmoja wa wapasuaji wa Mfalme George wa Tatu.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Katika utafiti wake wa magonjwa ya zinaa, alimwambukiza mtu usaha wa mgonjwa wa kisonono, dalili za kaswende zikajitokeza, naye akahitimisha kwamba magonjwa hayo mawili ni kitu kimoja. Kuna wanaoshikilia kwamba mtu huyo alikuwa Hunter mwenyewe, na wengine wanapinga. Yamkini usaha ule ulitoka kwa mgonjwa aliyekuwa na maradhi yote mawili. Kosa hilo liliwapotosha madaktari kwa miongo kadhaa, maana sifa za aliyelitenda zilikuwa kubwa mno.

Nyumbani kwake kulikuwa na maajabu. Katika shamba lake la Earl's Court alifuga wanyama wa kila aina, na husimuliwa kwamba siku moja chui wawili walifyatuka, naye akawakamata kwa mikono yake kabla ya kutambua hatari aliyojitia. Makao yake ya Leicester Square, aliyoanza kuyatumia mwaka 1783, yalikuwa na sura mbili. Upande wa mbele, mkewe Anne, mshairi ambaye maneno yake yalitiwa muziki na Joseph Haydn, aliwakaribisha watu wa tabaka la juu. Upande wa nyuma, uliofungukia barabara nyingine, uliingiza wanafunzi na maiti. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na makumbusho yaliyofikia karibu vitu 14,000: mifupa, viungo vilivyohifadhiwa kwenye chupa, mimba za wanyama, na mishipa iliyojazwa nta ya rangi.

Mmoja wa wanafunzi walioishi nyumbani kwake alikuwa Edward Jenner, aliyefika mwaka 1770 na ambaye mwaka 1796 alifanya jaribio lililozaa chanjo ya ndui. Hunter alimhimiza daima asitosheke na kukisia, bali ajaribu na kupima.

Ni katika mbuga ya Richmond, karibu na London, ambapo inasemekana Hunter alifanya jaribio lililomfungulia njia ya upasuaji wa 1785. Kisa chenyewe kilisimuliwa na watu waliokuja baada yake, na baadhi ya wanahistoria hawakubaliani na kila kipengele chake. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, alimkamata kulungu dume ambaye pembe zake zilikuwa zingali zinakua. Pembe za mnyama huyo zinapokua hufunikwa na ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu, na ukizigusa utazikuta zina joto. Hunter aliifunga ateri ya upande mmoja wa shingo. Pembe ya upande huo ikawa baridi. Alipomrudia mnyama huyo baada ya siku kadhaa, pembe ilikuwa imepata joto tena na inaendelea kukua. Alipompasua aliona kwamba uzi haukuwa umelegea. Vijishipa vidogo vilivyokuwa juu na chini ya kifundo ndivyo vilivyokuwa vimenenepa na kuibeba damu kwa njia ya mzunguko.

Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au la, yaliyotokea mguuni mwa dereva yamethibitishwa. Mguu haukuoza. Uvimbe ulisinyaa, mgonjwa akapona na kurudi kwenye kazi yake. Mwaka 1787 aliaga dunia kwa homa ambayo haikuhusiana na maradhi ya mguu, na Hunter, kama ilivyokuwa ada yake, akagharimika ili aupate mguu huo auchunguze. Alikuta uvimbe umegeuka kibonge kigumu, ateri aliyoifunga imezibika kabisa, na mguu wote ukiwa mzima. Aliendelea kuwapasua wagonjwa wengine, akipunguza idadi ya nyuzi na kuboresha mbinu. Mmoja wao aliishi takriban miaka 50 baada ya upasuaji.

Kwa haki, Hunter hakuwa peke yake. Pierre-Joseph Desault wa Ufaransa aliifunga ateri ya nyuma ya goti mwaka huo huo wa 1785. Tofauti ni kwamba Hunter alikwenda juu zaidi, mahali penye mshipa usio na ugonjwa, na alijua ni kwa nini anafanya hivyo. Njia ya ateri hiyo ndani ya paja huitwa hadi leo mfereji wa Hunter.

Alichokiona kwa macho hakikuweza kuelezwa katika karne yake. Ni nani aliyeviambia vijishipa vile vipanuke? Jibu lilianza kupatikana katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, wanasayansi walipopata uwezo wa kupima utendaji wa jeni ndani ya seli.

Ieleweke kwamba mkondo wa damu unapokatika, jeni zenyewe hazibadiliki. Kila seli hubaki na urithi wake ule ule. Kinachobadilika ni zipi zinazosomwa na zipi zinazonyamazishwa. Ateri kuu inapozibwa, shinikizo la damu hushuka upande wa chini, na damu iliyo juu hukimbilia vijishipa vya kando kwa kasi kubwa kuliko ilivyozoeleka. Seli zinazotandika ukuta wa ndani wa vijishipa hivyo huhisi msuguano wa damu hiyo. Katika muda wa saa chache huanza kuzisoma jeni ambazo zilikuwa kimya au zikifanya kazi kidogo. Baadhi ya jeni hizo hutoa protini zinazoziita chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hupenya ukutani na kutoa vichocheo vya ukuaji, seli za misuli ya mshipa huongezeka, na kijishipa chembamba kama uzi hugeuka, katika muda wa siku na majuma, kuwa ateri kamili.

Chini ya kizibo mambo ni tofauti. Huko tatizo ni njaa ya oksijeni. Katika seli yenye oksijeni ya kutosha, protini iitwayo HIF-1 hutengenezwa na kuvunjwa bila kukoma. Oksijeni inapopungua, uvunjaji husimama, protini hiyo hulimbikizana, huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingi kwa mpigo. Mojawapo ni jeni ya VEGF, kichocheo kinachofanya kapilari mpya zichipuke. Ugunduzi wa jinsi seli zinavyohisi upungufu wa oksijeni uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Kuna na upande wa tatu, ambao Hunter hakuufikia. Damu inaporudi kwa ghafla mahali palipokosa oksijeni kwa muda, kama inavyotokea daktari anapozibua mshipa wa moyo, seli za ukuta wa mshipa huamsha jeni zinazozinatisha chembe nyeupe na kuleta uvimbe. Msaada unaorejea unaweza wenyewe kuongeza madhara. Hiyo ni moja ya sababu zinazowafanya watafiti kuzifuatilia jeni hizo saa baada ya saa.

Katika maabara nyingi, utafiti huu hufanywa kwa kuifunga ateri ya paja ya panya na kupima jinsi damu inavyorudi mguuni. Kwa maneno mengine, ni upasuaji wa Hunter uliopunguzwa ukubwa. Umeonyesha kwamba si kila mwili hujitafutia njia kwa wepesi ule ule. Panya wazee huwa na vijishipa vya kando vichache kuliko vijana, na ugonjwa wa kisukari hudhoofisha uwezo huo, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wagonjwa wa kisukari hukatwa miguu zaidi ya wengine. Tangu miaka ya 1990, wakati Jeffrey Isner wa Boston alipoanza kuwapa wagonjwa jeni ya VEGF miguuni, kumekuwa na matumaini kwamba tiba inaweza kuuamrisha mwili utende alichokitazamia Hunter. Matumaini hayo yamepata pigo zaidi ya mara moja. Jaribio kubwa lililohusisha zaidi ya wagonjwa 500, ambalo matokeo yake yalitangazwa 2011, lilionyesha kwamba jeni ya kichocheo kingine cha ukuaji haikupunguza idadi ya waliokatwa miguu wala ya waliofariki. Inaelekea mwili huziamsha jeni nyingi kwa mpangilio maalumu, na kuipa sindano jeni moja pekee hakutoshi.

Hunter mwenyewe aliandamwa na maradhi ya aina iyo hiyo ya kukatizwa kwa damu, ila kwake yalikuwa moyoni. Shambulio la kwanza lilimpata mwaka 1773. Lingine zito lilimlaza mwanzoni mwa 1785, miezi michache kabla ya kumpasua dereva. Maumivu ya kifua yalimjia kila alipokasirika, naye alikuwa mwepesi wa hasira. Aliwatahadharisha rafiki zake kwamba uhai wake umo mikononi mwa yeyote atakayeamua kumchokoza. Jenner alikuwa ameshuku mapema kwamba ateri za moyo wa mwalimu wake zilikuwa zimekakamaa, lakini hakutaka kumhuzunisha kwa kumweleza. Huenda vijishipa vya kando vilimwongezea miaka. Hilo haliwezi kupimwa sasa.

Mnamo Oktoba 16, 1793, alihudhuria mkutano wa wasimamizi wa Hospitali ya St George's. Suala lilikuwa kanuni za kuwapokea wanafunzi, na Hunter alikuwa akiwatetea vijana wawili kutoka Scotland. Mmoja wa wenzake alimpinga. Alinyamaza, akatoka hadi chumba cha pili, akapiga kite na kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 65. Shemeji yake, Everard Home, aliusimamia uchunguzi wa maiti, na ateri za moyo zikapatikana zimekuwa ngumu kama mfupa.

Kitabu chake kikuu kuhusu damu, uvimbe na majeraha ya risasi kilitoka mwaka uliofuata. Maandishi yake mengine hayakuwa na bahati hiyo. Home aliyachukua, akatoa makala nyingi kwa jina lake mwenyewe katika miaka iliyofuata, kisha mwaka 1823 akayateketeza. Kiasi gani cha umaarufu wa Home kilikuwa jasho la marehemu ni swali ambalo majivu hayawezi kulijibu, lakini ni vigumu kumtakia mema.

Makumbusho yalinusurika, japo kwa taabu. Hunter aliacha madeni, na mjane wake akaishi kwa shida hadi serikali iliponunua mkusanyiko huo mwaka 1799 kwa pauni 15,000 na kuukabidhi kwa chama cha wapasuaji. Mabomu ya Ujerumani yaliteketeza sehemu kubwa yake mwaka 1941. Miongoni mwa vilivyosalia ni mifupa ya Charles Byrne, jitu kutoka Ireland aliyefariki 1783 akiwa na umri wa miaka 22. Byrne aliogopa visu vya wapasuaji na alitaka azikwe baharini, lakini Hunter aliwahonga waliosindikiza maiti. Mwaka 2011 wanasayansi waliochunguza meno yake walipata hitilafu katika jeni iitwayo AIP, wakaeleza kwa nini alirefuka vile. Pamoja na manufaa hayo, makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023 mifupa hiyo haikurejeshwa mbele ya watazamaji, na hilo lilistahili kufanywa zamani.

Hunter alikuwa amezikwa bila shamrashamra chini ya Kanisa la St Martin-in-the-Fields. Mwaka 1859, ilipoamuliwa kwamba majeneza ya humo yahamishwe, daktari aitwaye Frank Buckland alikaa chini ya ardhi kwa zaidi ya majuma mawili, akipekua moja baada ya jingine katika harufu iliyomgonjesha. Majeneza yalikuwa zaidi ya 3,000, na la Hunter lilikuwa miongoni mwa ya mwisho kabisa. Mnamo Machi 28 mwaka huo lilihamishiwa Westminster Abbey.